Kumtafutia Mzee Kanyondo Kwao

Siku ya kwanza nilipoanza kazi katika baraza la gombolola, yaani tarafa ndogo, kule Ndama, Karagwe, Mwami hakuniuliza kama najua kuandika. Aliniuliza mimi ni wa ukoo gani na mwiko wetu ni nini. Nilipomjibu, akanionyesha meza. Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya Hitla. Mwami, kwa wasiokumbuka, ndiye aliyekuwa mkuu wa gombolola, na chini yake walikuwa wakungu walioangalia vijiji. Mimi karani niliandika mashauri ya mipaka ya vibanja, yaani mashamba ya nyumbani, mahari na urithi.

"Andika jina la mtu, la baba yake, ukoo na omuziro," Mwami alinifundisha. "Majina hufa na wenyewe. Ukoo haufi."

Omuziro ni mwiko wa ukoo, yaani mnyama au kitu ambacho watu wake hawali. Siku zile, kwetu sisi Wanyambo wa Karagwe, mtoto hakurithi jina la baba. Kila mtoto alipewa lake, kufuatana na mambo yaliyokuwapo nyumbani alipozaliwa, iwe njaa, ugomvi au furaha. Ndugu wa tumbo moja waliweza kuwa na majina yasiyofanana hata kidogo. Hilo mnaloliita jina la ukoo lililetwa na mapadre, wachungaji na wenye mashamba makubwa, waliotaka kila mtu awe na majina mawili.

Kutoka Ndama nilihamishiwa Murongo, kwenye kivuko, nikaandikisha watu waliokwenda Uganda kutafuta kazi. Karani mkuu wangu pale, Mhaya wa Muleba mwenye haraka sana, aliandika alichosikia, na wengi walivuka mto wakiwa na jina moja wakarudi na jingine. Baadaye nikapelekwa Kimuli, na huko ndiko nilikokutana na Mzee Kanyondo.

Alikuja barazani ameshikwa mkono na binti yake, Dorotea, mama wa makamo aliyesema Kiswahili chenye lafudhi ya ng'ambo ya mto. Dorotea alieleza kwamba baba yake alichukuliwa na wachuuzi wakati wa njaa, angali mtoto, akakulia Uganda katika mashamba ya miwa. Sasa macho yake yalikuwa yakififia. Kule walimwita mnyamahanga, mtu wa kuja, ingawa alikuwa amezeekea palepale. Alitaka kuzikwa kwao, lakini kwao hakukujua. Alijua tu kwamba ni Karagwe na kwamba baba yake aliitwa Kanyondo.

Wazee wa baraza walitazamana. Hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kusikia mtu mwenye jina hilo. Mmoja alinong'ona kwamba huenda huyu anatafuta kibanja cha bure. Mwami wa Kimuli, mtu mpole lakini mwenye kushika sheria, alisema hawezi kumpokea mtu asiye na ukoo, maana hata kaburi lina wenyewe. Akanipa nafasi mpaka baraza lijalo. Dorotea alitazama chini. Mzee alianza kupapasa ukuta akitafuta mlango, kama mtu aliyezoea kukataliwa, na hilo ndilo lililonisukuma.

Niliwakaribisha nyumbani. Mke wangu alipika ndizi, nami nikamuuliza mzee mwiko wao. Alikumbuka kwamba mama yake hakupika nyama ya pongo. Koo za mwiko huo ni nyingi, lakini angalau sasa tulijua pa kutokuuliza. Kisha nikalifikiria jina lenyewe. Kwa Kinyambo enyondo ni nyundo, kanyondo ni kinyundo. Basi nikaanza na wahunzi.

Nilipanda baskeli nikazunguka kwa wahunzi wote wa mwiko ule. Wanaume walitikisa vichwa. Hatimaye mmoja wao akanishauri niwaulize wanawake walioolewa mbali na kwao, kwa kuwa wao hulazimika kuyakumbuka makwao. Akanielekeza kwa Bibi Kokubanza, mjane, binti wa mhunzi aliyefariki zamani, ambaye wakati wa njaa alipotelewa na mdogo wake.

Nilimpeleka mzee na Dorotea kwake. Bibi alitukaribisha kwa kahawa ya kutafuna, akamtazama mgeni kwa muda, wala hakuonyesha kumtambua. Alisema baba yake hakuitwa Kanyondo. Nikaona Dorotea anakunja kanga yake, tayari kuondoka.

Hapo bibi akamuuliza mzee anakumbuka nini cha kwao.

"Mvukuto," alisema mzee. "Na fuawe kando ya mlango. Na msichana mmoja aliruka nyundo ya baba, akachapwa. Ilikuwa mwiko mwanamke kuiruka. Mimi ndiye niliyemchongea."

Bibi Kokubanza aliiweka kahawa yake chini.

"Aliyechapwa ni mimi," alisema. "Mjinga wewe, ulikuwa wapi muda wote huu?"

Walishikana, wakalia, kisha wakaanza kubishana kama fimbo ilikuwa ya mti gani. Bibi ndiye aliyetufafanulia jina lile. Baba yao alipendelea nyundo ndogo, na majirani walipaita pale kwa mwenye kanyondo. Mtoto hakulitaja jina la baba yake, ilikuwa utovu wa adabu. Kwa hiyo nyapara wa miwa alipomuuliza baba yake ni nani, alisema alichokisikia kwa majirani.

Barazani bibi aliapa, na wapwa wakamkatia mjomba wao sehemu ya shamba la migomba. Mwami aliniambia nimwandike kwa jina alilopewa na mama yake, ambalo bibi alikuwa amelitaja. Mzee akakataa kwa upole. Alisema jina alilopewa na mama atazikwa nalo, lakini Kanyondo ndilo lililomrudisha, na wajukuu wake walikuwa wakiitwa hivyo. Nikaandika yote mawili. Aliishi akavuna kahawa yake mara kadhaa, na tulimzika kwa babu zake.

Nimekwisha kustaafu sasa. Vijana huniletea majina adimu wakitaka asili yake. Huwaambia wajue kwanza nani aliuliza, nani alijibu na alikuwa na umri gani, kisha waende kwa shangazi. Mashauri mengi niliyoandika yaliwaacha watu wakiwa wamenuniana, kwa hiyo ninaposimulia kazi yangu huanza na hili.

Mwezi uliopita mjukuu wa Dorotea alivuka mto akaja kuniamkia, ameongozana na mchumba wake. Baada ya shikamoo nilimuuliza huyo mchumba ukoo wake na mwiko wao. Walicheka, nami nikacheka, lakini birika la chai sikuliinua mpaka aliponijibu.