Neno Lenye Nyota

Makoti yaliyolowa mvua yakikauka juu ya mabomba ya joto: ndiyo harufu ya darasa langu la kwanza Birmingham, Uingereza, mtaa wa Washwood Heath. Nilikuwa na miaka tisa. Mama, Msomali aliyelelewa Mombasa, alikuwa ametuhamisha kutoka Uholanzi, nilikozaliwa. Nilijua Kiswahili chake na Kiholanzi cha shule. Kiingereza sikukijua.

Wiki ya kwanza nilikuta kiti changu kimechukuliwa. Nikamtajia msichana wa karibu neno la Kiholanzi la kiti, stoel, linalotamkwa "stul". Akaniletea kigoda, maana kwa Kiingereza stool ni kigoda. Nilipokikalia, kidevu kikagusa meza na darasa zima likacheka. Nikafunga mdomo. Wiki tatu sikusema neno shuleni, hata nilipoitwa jina. Mwishowe mama akaitwa, akaambiwa huenda nikahamishiwa darasa la watoto wenye shida ya kusema.

"Mtoto huyu nyumbani hanyamazi," mama alisema. "Sahra, kwani kulitokea nini?"

Nikamweleza kwa Kiswahili, naye akamtafsiria mwalimu wangu, mwanamke wa makamo. Mwalimu hakucheka. Aliandika stoel na stool kwenye karatasi, na juu yake neno stōlaz, lililotanguliwa na nyota ndogo.

"Hawa ni ndugu," alisema. "Mama yao ni huyu, wa lugha ya kale iliyozaa Kiingereza, Kiholanzi na Kijerumani. Hakuna aliyeliandika. Wataalamu wamelikisia kwa kuwalinganisha watoto wake, ndiyo maana lina nyota. Sisi Waingereza tulichukua neno jingine la kiti kutoka Kifaransa, hili likabaki na maana ya kigoda. Sahra hakukosea."

"Kumbe ni kama neno letu 'mtu' na 'muntu' la jirani yangu Mkongo!" mama alisema, akafuta macho.

Kesho yake mwalimu alichora ukoo ule ubaoni, akaniita nisome. Nikasoma. Msichana wa kigoda akauliza, "Na kwa Kiswahili?"

"Kiti," nikasema. Darasa zima likarudia.

Wakati ule nilikosa lugha moja, nikaona nimekosa dunia nzima. Leo natumia Kiingereza kutwa hospitalini ninakofanya kazi, na wanangu hunijibu kwacho ninapowasemesha Kiswahili. Mwezi uliopita shangazi, ambaye hajui Kiswahili, alipiga simu kutoka Uholanzi, akaongea Kiholanzi. Nilimwelewa, lakini nilipotaka kumjibu, Kiholanzi hakikuja. Akangoja kidogo, kisha akasema polepole, kama anavyosemeshwa mgeni, "Haidhuru, Sahra. Tuongee Kiingereza."