Kuinua nyuma ya pickup kwa njia ya Pweto: nilichojaribu mpaka samaki wakafika na vichwa vyao

Wakuu, salamu kutoka Lubumbashi.

Nilipokuwa natafuta namna ya kuinua nyuma ya pickup, nilisoma ushauri mwingi wa watu ambao naona hawajawahi kupakia hata gunia moja. Haya ninayoandika yametokea kwenye gari la nyumbani kwetu. Sina duka la spea, siuzi kitu, na pale nilipokosea nitapasema.

Mama yangu anafanya biashara ya Pweto, kule mwisho wa Ziwa Mweru. Tunakwenda na chumvi, sukari, sabuni na unga, tunarudi na samaki wakavu. Nilipomaliza chuo na kazi ikawa haionekani, mama alinikabidhi pickup niiendeshe.

Shida ilikuwa hii. Ikipakiwa, nyuma inakaa chini kabisa. Pua inatazama juu, taa zinamulika matawi ya miti, usukani unakuwa mwepesi kama wa baiskeli. Ukishapita Kasomeno, kila shimo ekseli inagonga chasisi. Ule mlio nilikuwa nausikia hata nikiwa kitandani.

Safari moja, leaf ya springi, yaani bamba lake moja la chuma, ikakatika kabla ya Kilwa (ya huku Kongo, si ya Tanzania). Tulipofika nyumbani mama akasema, bila kupandisha sauti:

"Papa Mwape anaitaka hii gari. Kama inatuletea tena mambo, minamupatia. Tutalipa nafasi mu camion ya bengine."

Yaani amuuzie, sisi tulipie nafasi kwenye malori ya watu. Papa Mwape ni jirani yetu hapa mtaa wa Makomeno, naye ni mfanyabiashara.

Wakuu, lile gari ndiyo kazi yangu. Likiondoka, narudi kukaa sebuleni nikituma CV zisizojibiwa. Nikamwambia mama aniachie kwanza, nitaliinua.

Nikaanza kusoma. Mimi nikisoma kitu sijui kuacha, kwa hiyo nawafupishia.

Kuna shackle ndefu, zile pingu za chuma zinazoshika mwisho wa springi kwenye chasisi. Zinainua kidogo, ni kazi nyepesi kwa fundi, lakini springi inabaki na nguvu ileile. Ukipakia, inashuka kama kawaida.

Kuna block, zile zinazokaa kati ya springi na ekseli. Nazo zinainua bila kuongeza nguvu. Tena unahitaji U-bolt ndefu, na uangalie paipu ya breki isivutike.

Fundi wetu, Kazadi, ana gereji kule Kenya. (Wakuu wa Nairobi msishtuke, hapa kwetu Kenya ni commune, sehemu ya jiji.) Yeye alitaka kunichongea block za mti.

"Muti ya nguvu kabisa! Hata chuma itaisikilia haya."

"Fundi, na kama inapasuka mu njia?"

"Weye unaogopaka kila kitu. Hata spana unaiangaliaka sawa nyoka!"

Gereji nzima ikacheka. Nikakataa hivyohivyo.

Nikachagua kuongeza leaf kwenye springi, maana hizo zinainua na zinabeba kwelikweli. Kazadi akaongeza pande zote mbili na kubadilisha shockup. Gari likasimama nyuma juu kama jogoo. Nililizunguka mara nyingi kuliko inavyofaa kusema hapa.

Kwenda Pweto ilikuwa raha. Chumvi imejaa, ekseli haigongi, taa zinamulika barabara. Mama alisinzia njiani, kitu ambacho sikuwahi kukiona.

Kurudi ndiko kulikonimaliza.

Samaki mkavu ni mwepesi lakini anachukua nafasi. Unaweza kumpanga mpaka apite kabini na springi isijue kama kuna mzigo. Na zile springi zangu mpya bila mzigo wa kuzikandamiza zilikuwa ngumu kama ubao. Kila tuta gari linaruka. Mimi mbele nafurahi kwamba hakuna kinachogonga.

Sasa, kwa ambao hamjui soko la samaki la huku: mama mnunuzi hatazami mzani kwanza. Anamshika samaki mkia, anamning'iniza, anamtikisa. Kichwa kikibaki, mnaanza kuongea. Kikianguka, huyo si samaki tena, ni makombo.

Tulipofungua mzigo sokoni, mteja wa zamani wa mama akashika wa kwanza. Kichwa kikaanguka. Wa pili, kikaanguka. Akaingiza mkono ndani ya furushi, ukatoka na unga wa samaki.

"Mama, leo unatuletea samaki ao tumbako?"

Mwingine akadakia: "Bichwa bimebakia Pweto, bitakuja na camion!"

Wakacheka wote. Mama hakucheka. Akafunga furushi, akanitazama.

"Mwezi muzima unawaza njia ya kuenda. Njia ya kurudia, nani alikuwa anaiwaza?"

Nikaomba safari moja tena kabla ya mvua. Akasema moja, na Papa Mwape amekwisha kuambiwa aje aangalie gari baada yake.

Hapo nikaacha kusoma habari za pickup za watu wengine. Yangu ina safari mbili zisizofanana: nzito kwenda, nyepesi kurudi. Springi ya chuma haiwezi kubadilika Pweto. Nilihitaji kitu kinachobadilika.

Ndipo nikafika kwenye airbag. Si zile za usukani. Ni mifuko ya mpira inayokaa kati ya chasisi na ekseli, unaijaza upepo ukipakia, unaupunguza ukishusha. Binamu yangu aliye Kitwe, Zambia, akanitafutia, zikapita mpakani Kasumbalesa. Kazadi akatoa zile leaf alizoongeza, akafunga mifuko, huku akiniuliza kama gari langu sasa litapaa.

Sikutaka kungoja Pweto ndiyo nijue. Nikachukua furushi la samaki wazima, nikalifunga nyuma, nikapunguza upepo, nikaenda kutafuta mashimo upande wa Karavia. Kila baada ya kipande nasimama, nafungua, nashika mikia, natikisa. Jamaa mmoja aliyekaa na bia yake akapaza sauti:

"Chef, unapeleka samaki promenade?"

Nikamjibu ndiyo, nawatembeza, nikaendelea. Upepo ukizidi, vichwa vinalegea. Ukipungua sana, nyuma inayumba. Nilizunguka mpaka nikapata kipimo ambacho hakuna kichwa kilichoanguka.

Tukasafiri. Kwenda, mifuko imejaa, gari limenyooka. Pweto tukashusha, nikapunguza upepo, tukapakia samaki. Njia yote ya kurudi nilisikiliza mafurushi kuliko injini, nawaambia ukweli.

Sokoni yule mteja wa mama akamshika samaki mkia. Akatikisa. Akatikisa tena, kwa hasira kidogo. Kichwa kikabaki.

"Hii mara mulimubeba mu mikono?"

Akanunua furushi zima.

Papa Mwape akaja Jumapili baada ya misa na suti yake. Akainama kuangalia chini ya gari, akagusa ile mifuko, akaanza kuuliza maswali. Mama akatoka jikoni akipangusa mikono.

"Papa Mwape, simama utachafua suti. Ile gari iko ya mutoto, muulize yeye kama anauzisha."

Nikasema siuzi.

Nilichojifunza: kabla hujainua, jiulize gari linabeba nini kwenda NA kurudi. Mzigo mzito pande zote mbili, ongeza leaf. Unataka urefu tu, shackle au block za chuma zinatosha. Mizigo ikibadilika, airbag. Na hakuna hata moja inayokupa ruhusa ya kuzidisha uzito, chasisi itapinda tu.

Sasa mvua zimeanza na mimi tayari nina wasiwasi mpya. Wenye airbag kwenye njia za matope na mawe makali, mmezikinga vipi zisichanwe? Nisaidieni, tunaondoka wiki ijayo.