Debe la Enoka

Huku kwetu Mugeta ukiuliza nani fundi wa kufukuza tembo, utaelekezwa kwa Enoka. Shule ilimshinda, pamba ilimchosha, lakini debe lilimpa heshima. Tangu ujana wake, mahindi yakianza kuiva anapanda juu ya dungu la kulindia shambani na kulipiga kila jioni, ili tembo wasithubutu. Wakija hata hivyo, analipiga mpaka waondoke. Na majigambo sasa!

"Tembo ananijuaga mimi," husema. "Akisikia huu mkono anajua hapa kuna mwanaume."

Mwaka huu Enoka alichelewa kupanda. Sisi majirani tulishavuna, yeye akabaki na mahindi yake shambani, ndiyo kwanza yanaiva, chakula cha wanawe mpaka msimu ujao. Tembo hawakuonekana kabisa, kwa hiyo safari hii akaona hakuna haja ya kugusa debe. Alitamba mpaka tukamchoka, eti wamesikia jina lake tu wakahama.

Jumamosi moja, mchana kweupe, tulikuwa tunampokea bibi harusi kwa mzee Masatu, jirani na shamba hilo. Jenereta ya kwaya ikagoma. Gaudensia, dada wa bwana harusi, akamgeukia Enoka.

"Baba Chrispin, si una debe? Lete bwana, harusi gani inapooza hivi?"

Akalileta, akalipiga. Jamani, akalipiga! Hata mimi nilicheza, na huwa sichezi.

Ghafla Ghati, mke wa Enoka, akapiga yowe. Kutoka porini tembo walikuwa wanakuja, jike kubwa mbele, wametulia kabisa. Mchana ule, na umati wote ule, na vigelegele! Walitupita kama hatupo, wakaingia moja kwa moja kwenye mahindi ya Enoka.

"Piga, mzee! Piga kwa nguvu!" tukamhimiza.

Akapiga mpaka debe likabonyea. Kule porini wakachomoza wengine waliokuwa wamebaki nyuma, wana kwa mama zao, wakaja mbio kulekule.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Miaka yote tulisema Enoka amewafukuza, kumbe walikuwa wanaondoka wameshiba. Debe lililia mahindi yakiiva tu, na yule jike alikuwa ameshalijua hilo zamani. Sisi tuliosoma na tusiosoma, hakuna aliyewaza.

Ghati ndiye aliyeelewa kwanza. Akamshika mumewe mkono.

"Acha, baba. Unawaita."

Enoka akabaki amesimama na fimbo yake, akiangalia chakula cha wanawe kikitafunwa. Bibi harusi alikuwa analia. Nilimwonea huruma mpaka nikashindwa kumtazama. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Kwa hiyo miaka yote hii nilikuwa nawapigiaga kengele ya uji?"