Barua Niliyomwachia Mungu

Leo nimeinua mikono kwa Bwana mbele ya bunduki tatu.

Asubuhi kanisani hapa Garissa, mchungaji alisema tuandike yanayotusumbua, tuyatie kapuni, tumwachie Mungu. Yangechomwa baada ya ibada.

Nikatia barua yangu ya kuomba uhamisho, ile ambayo ndani nimemwita afisa wa elimu mbuzi.

Nikalia. Nikasamehe. Nikapata amani, jamani!

Ikadumu mpaka saa sita.

Mzee Mutua, karani wa posta na mhesabu sadaka wetu, akaja anatabasamu. "Mwalimu, niliona bahasha yako ina stempu. Nimeiwahisha kwenye malori ya barua."

Malori yenyewe huondoka mara moja kwa wiki, yakisindikizwa na wanajeshi, kwa kuhofia mashifta, wale waasi wanaovamia magari njiani.

Nikatimua mbio. Kwenye kizuizi cha wanajeshi barabarani nikasikia, "Simama! Mikono juu!"

Kanisani sijawahi kuiinua hivyo.

"Unakimbilia nini?"

"Barua niliyomwachia Mungu, afande."

Abdille, Msomali anayewauzia wanajeshi chai na ambaye "p" kwake ni "b", akacheka mpaka birika likatikisika. "Mwalimu, wewe nabatia Mungu barua, sasa nakimbia kunyang'anya yeye?"

Malori yalishakuwa vumbi tu. Hapo ndipo nilipomwachia kweli.

Na nyinyi, mmempa Mungu nini huku bado mmeshika ncha?