Nimegonga ukuta, wakazima redio

Leo nimewanyamazisha majirani zangu, na sikutaka.

Ni vijana, mtu na mkewe, waliohamia nyumba ya pili hapa Kiwanjani. Tangu asubuhi redio yao ilikuwa juu kabisa. Nikachukua bakora, nikagonga ukuta wa mabati unaotutenganisha.

Redio ikazimwa papo hapo.

Mlionifahamu miaka ya themanini mnakumbuka nani alikaa nyumba ile. Mama Guyo. Alikuwa akitwanga viungo vya chai kabla jua halijatoka. Mara ya kwanza niligonga mabati kwa hasira. Naye akagonga kwa mchi wake, akapaza sauti:

"Mwalimu, kama umeamka kuja ukunywe chai! Ama unagombana na ukuta?"

Nikaenda. Chai ilikuwa ya maziwa ya ngamia.

Toka siku hiyo kugonga kukawa salamu yetu. Mimi bakora, yeye mchi, mpaka alipofariki.

Leo hakuna aliyenijibu. Badala yake yule mke alikuja mlangoni, macho chini.

"Salaam aleikum, mzee. Pole kwa kelele. Hatutarudia."

Na mimi, na masomo yangu yote, nikasema, "Asante, binti yangu."

Daktari amenieleza kwamba sina siku nyingi. Hilo nimelikubali. Kinachonitisha ni huu ukimya.

Kesho nitagonga tena. Kama kuna anayewafahamu vijana hawa, tafadhali awaambie: mzee akigonga, nanyi gongeni.