Kesi ya Kitanda cha Marehemu

Walisema sitafika. Walisema mtu anayeshikwa na kigugumizi akiagiza chumvi dukani hawezi kusimama mbele ya hakimu. "Mpaka amalize kutamka 'mshtakiwa', mwenyewe atakuwa ameshavuka Ruvuma," alisema jirani yetu mmoja pale Likombe, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nilikuwepo. Nilicheka nao, kisha nikaenda nyumbani kujaza fomu ya kuomba masomo ya sheria Ulaya.

Nilirudi kutoka Ulaya na stashahada ya sheria yenye muhuri mwekundu, na ulimi ulionyooka, kwa kuwa kila asubuhi nilisoma vifungu kwa sauti mpaka mwenye nyumba akawa anagonga ukuta. Sikuwa na ndugu mkubwa serikalini. Safari yangu ilisimama juu ya watu watatu. Mjomba wangu aliuza mbuzi wake wawili. Karani mmoja wa bandarini, mtu wa bara, aliniazima koti lake zito. Na mzee mmoja Mmakua wa Mpapura alitoa magunia matatu ya korosho.

"Sikupi," aliniambia yule mzee. "Nakukopesha. Mmakonde ukimpa kitu, kesho anasema alizaliwa nacho."

Sikukasirika. Wamakua ni watani wetu, na mtani ana ruhusa.

Katika mahakama yetu ya wilaya nilikuwa mwendesha mashtaka wa kwanza asiyevaa magwanda ya polisi. Nilivaa tai kila siku, hata mwezi wa joto kali, na nasema bila aibu kwamba watu walikuja kunisikiliza hata kama hawakuwa na kesi. Mwaka wa kwanza nilishinda kesi nyingi kuliko nilizoshindwa, na nilizoshindwa zilikuwa mbovu tangu zilipotoka kituoni.

Kisha likaja jalada la kitanda. Konstebo mmoja mgeni, kijana wa kanda ya Ziwa, alikutana na mtu njiani asubuhi amejitwika kitanda cha kamba.

"Cha nani hicho?"

"Cha marehemu."

"Amekupa nani?"

"Mwenyewe amekufa, nimwombe nani?"

Konstebo aliandika maneno hayo yote, akayaita maungamo, akamfungulia mashtaka ya wizi. Nilipofika kwenye jina la mshtakiwa nilikaa kitini. Alikuwa mzee wangu wa magunia matatu.

Mtu yeyote wa kwetu angeelewa mara moja. Ilikuwa arobaini ya marehemu, Mmakonde mwenzetu, na katika arobaini mtani huja, hutukana maiti, huondoka na kitu cha nyumba, na wafiwa humfuata wakakikomboa kwa chakula na tumbaku. Ningeweza kulirudisha lile jalada asubuhi ileile. Sikulirudisha. Niliogopa watu watasema nimelipa korosho kwa kufuta kesi. Basi nikamwacha mzee wa watu apandishwe kizimbani, na hilo ndilo jambo pekee katika kazi yangu ambalo sijivunii.

Siku ya kesi ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Nilimwita shahidi wangu wa kwanza, mjane wa marehemu.

"Mama, kitanda hiki ni chenu?"

"Chetu."

"Ulimruhusu mshtakiwa akichukue?"

Alinitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyejikojolea msikitini. "Mtani anaombaje ruhusa? Angeomba ningemfukuza. Na wewe baba, huko Ulaya walikusahaulisha kwenu? Wali wa kukikombolea kitanda tulishaupika. Umelala na kuharibika, yeye yuko rumande!"

"Na wali wenyewe ulikuwa wa nazi?" mzee akauliza kutoka kizimbani.

"Nyamaza, mwizi!" akasema mjane, na ukumbi mzima ukalipuka kwa kicheko. Hakimu aliinama akajifanya anatafuta kalamu.

Nilisimama wima. Nikaeleza kwamba anayechukua kitu akiamini kwa moyo safi kuwa ana haki nacho hana nia ya wizi, nikaomba kuyaondoa mashtaka. Nilizungumza bila kukwama hata neno moja. Hakimu alikubali, akamwambia konstebo, "Hata kwenu huko mna watani, afande. Waulize wazee wako."

Nilitoka nje nikiwa mrefu kuliko mlango. Lakini nilipopita sokoni Ufukoni nikasikia mtu akisema nyuma ya matenga ya samaki, "Stashahada gani? Korosho ndizo zilizosema." Mwenzake akaitikia, "Ukitaka kesi yako ifutwe, mkopeshe."

Hapo niliona kazi yangu yote inaning'inia. Mwendesha mashtaka akishadhaniwa ana bei, hata akisema kweli watu huuliza ni ya nani. Nilikuwa nimepanga kuwalipa wale watatu polepole. Sasa nikaamua kuwalipa wote siku moja, mchana, mbele ya macho ya watu. Niliuza redio yangu niliyotoka nayo Ulaya, nikakodi lori.

Jumamosi ile tulianzia kwa mjomba. Nilimshushia mbuzi wawili, akadai mmoja wa wale wake alikuwa na mimba. Nilikuwa nimekwenda na wa tatu, kwa sababu namjua mjomba wangu. Bandarini nilimvalisha karani koti jipya kwenye lile jua, naye akazunguka nalo gatini jasho likimtiririka, akikataa kulivua.

Tulipofika Mpapura, lori lilikuwa limefuatwa na baiskeli si chini ya kumi, na mmoja wa waendeshaji alikuwa yule wa matenga. Mzee alitoka, akayahesabu magunia kwa kidole.

"Matatu?"

"Matatu, mzee, kama uliyonikopesha."

Utingo akashika gunia la kwanza. Mzee akampiga kofi mkononi. "Wewe nilikukopesha lini?" Akageukia majirani, akapaza sauti: "Njooni muone! Leo serikali inanibebea korosho!"

Nilivua koti tu. Tai niliiacha shingoni. Niliyabeba moja baada ya jingine hadi ghalani kwake, wanawake wakipiga vigelegele na mzee akinitukana kila hatua, na nilipolitua la mwisho, hapakuwa na mtu hata mmoja, kutoka Mikindani hadi mdomo wa Ruvuma, aliyenidai kitu.