Mvua Juu ya Matofali ya Wegesa

Kanisani kwetu Kenyamonta maombezi ni ya Wegesa. Wengine wamejaribu, wakaishia kumhubiria Mungu. Wegesa husimama mlangoni kabla ya ibada, akamuuliza hitaji lake kila anayeingia, na akifika mbele hasahau hata moja. Huombea goti la huyu, ng'ombe wa yule, aliyemkataa ndama wake, na tembo wa hifadhini wasahau njia ya shamba la Mzee Heche. Akizidiwa huacha Kiswahili akamwita Mungu Tata, baba kwa lugha yetu, na hapo hata mimi nisiyependa sala ndefu hufumba macho vizuri.

La kwake halitaji. "Aliyetumwa na watu hajisemei," husema.

Tulilijua hata hivyo. Ni mjane, nyumba yake ya nyasi inavuja, na kiangazi chote alikuwa akifyatua matofali kwa mikono yake. Alishayapanga tanuru, kuni zipo, na Jumatatu angewasha moto. Tofali bichi likinyeshewa hurudi kuwa tope, hilo halihitaji kusomewa.

Na Jumapili hiyo sisi sote tulitaka mvua. Mahindi yalikuwa yamejikunja majani. Kila aliyepita mlangoni aliomba hiyo hiyo, nami nikiwemo, na Wegesa akatuitikia mmoja mmoja, "Nimesikia."

Mzee Heche peke yake ndiye aliyerudi kumnong'oneza. "Mama, si umwambie inyeshe Jumanne?"

"Tata Heche, kuna aliyenituma Jumanne?"

Alipofika kwenye mvua, nilifumbua jicho moja, nikamwona amekunja kitenge chake ngumini. Nilimwonea huruma, na papo hapo niliitaka mvua. Ndivyo tulivyo wakulima. Kisha akasema kwa sauti iliyofika nje, "Tata, wanao wanataka mvua. Ilete leo. Usimsubiri mtu."

Kwaya haikumaliza wimbo wa sadaka. Bati lilianza kulia tone moja moja, halafu likanguruma, na vigelegele vikapasuka. Akina mama walicheza mpaka madhabahuni, na Wegesa alikuwa wa kwanza kwenye mstari, anaruka kuliko wasichana. Furaha yake ilikuwa ya kweli. Mimi machozi yalinitoka.

Heche aliinuka, akaburuta turubai la mikutano ya injili kutoka kona ya nyuma. "Mchungaji, funga ibada!"

Mchungaji Machage alimwelewa mara moja. Alisema baraka tutazipokea njiani, akatangulia kutoka. Tukakimbia wote, kwaya na majoho yao, wazee na fimbo zao, wengine wamebeba mikeka ya kanisa vichwani.

Matofali ya juu yalikuwa yameanza kulainika. Mengine yote tuliyawahi. Tuliyafunika, tukasimama kuizunguka tanuru tumeshikilia turubai, tumelowa chapachapa, tunacheka kama wendawazimu. Wegesa alikuwa katikati yetu, analia na kucheka kwa pamoja.

Mchungaji akapaza sauti kuishinda mvua. "Mama Wegesa! Miaka yote umetuombea sisi. Leo tutajie hitaji lako, tukuombee!"

"Mchungaji," akasema, "shika hiyo pembe vizuri. Upepo unakuja."

Kanisa zima tukaitikia, "Amina!"